Kopo la Karanga ku Chumba cha Masikio

Mwaka nilioanza kazi ya masikio ni ule mwaka chisense, dagaa wa kwetu, ilitoka ziwani kwa wingi mupaka kuku wote wa Nchelenge wakanuka samaki, na mayai yao vilevile. Tulikula chisense asubuhi, tukala chisense jioni, watoto wakaanza kulilia maharagwe kama vile ni nyama. Mimi sikusoma sana, miaka siihesabu kwa namba kama watu wa ofisi. Lakini uliza mutu yeyote wa umri wangu, hapa ku kambi ao kule sokoni pembeni ya ziwa, yeye alikuwa wapi mwaka mayai yalipokuwa na harufu ya samaki, atakuambia bila kufikiri. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya chumba cha masikio cha hospitali, mop mukononi.

Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, tumepewa shamba ku kambi ya wakimbizi huku Zambia, tunalima muhogo. Kazi ya mushahara sikuwahi kuiona. Aliyeniita alikuwa Mukubwa wa Masikio. Hakuwa dokta kamili, lakini mambo ya sikio aliyasomea, na alivaa soksi ndefu mupaka magotini hata wakati wa joto. Alikuwa Muzambia, ananiongelesha Kibemba, na mimi Kibemba nilikuwa nimekiokota sokoni.

"Mama," akaniambia, "hapa uko na kazi mbili. Mop na mudomo."

"Mudomo namna gani, mukubwa?"

"Ninyi watu wa kambi munaongea Swahili. Swahili yangu mimi ni ya kununua samaki tu. Mugonjwa akikaa hapa, neno langu ulipeleke kwake vile lilivyo, na lake uniletee vile lilivyo. Usiongeze chumvi."

"Na nikikuta halina chumvi?"

"Tutalila hivyohivyo."

Ndiyo siku yangu ya kwanza. Nilipiga mop, nikafungua mudomo.

Ninyi vijana munaona leo mutu ana apareye nyuma ya sikio, munafikiri ilishuka kutoka mbinguni ikiwa tayari. Sikilizeni. Apareye yenyewe ni kama muharage mukubwa, inakaa nyuma ya sikio. Inakamata sauti, inaikuza, inaipitisha ndani ya kampira kembamba mupaka kwenye moldi. Moldi ni kile kipande cha plastiki kinachoingia ndani ya shimo la sikio. Na moldi si kama kofia, ya kuazimana. Ni ya sikio moja tu duniani. Hata sikio lako la kulia na la kushoto hayafanani, nimeyaona mengi.

Kutengeneza moldi kulikuwa hivi. Kwanza mukubwa anaangalia ndani kwa taa, anatoa nta. Halafu anasukuma ndani kipande cha pamba chenye uzi, ili dongo lisifike ku ngoma ya sikio. Kisha anajaza sikio dongo lenyewe, laini, rangi ya waridi, kama bukari, ugali wetu, ambayo haijaiva. Tunangoja. Likikauka analivuta na uzi wake, na hapo unashika mukononi sura ya ndani ya mutu. Dongo lile lilipanda basi mupaka mujini, likarudi baada ya majuma mengi likiwa plastiki ngumu. Ndipo kazi inaanza. Moldi ikilegea, sauti inatoka pembeni, inaingia tena ku apareye, na apareye inapiga filimbi kama birika. Moldi ikibana, inakula nyama.

Sasa nitawaambia kosa langu, kwa sababu sitaki mutu mwingine awaambie.

Mukubwa alikuwa anauliza kwa urefu. "Muulize kama inamubana, inamuchoma, ao inamukwaruza. Juu? Chini? Ndani kabisa? Akigeuza shingo je?" Mimi nilikuwa naangalia mustari wa watu mupaka nje, naangalia sakafu yangu inayochafuka, na maneno yale yote naona kama ya kupoteza wakati. Namugeukia mugonjwa, nasema: "Ni sawa, mama?" Basi. Na mugonjwa anainamisha kichwa, anapiga makofi madogo ya heshima, anasema: "Ni sawa, natotela." Natotela ni asante ya Kibemba, ku ziwa hili hata sisi wa Kongo tunaamuka nayo. Mukubwa anaandika ku daftari: Sawa. Mustari mwingine: Sawa. Ukurasa mzima.

"Mama, tangu ulipokuja wewe," akaniambia siku moja, "hakuna mutu analalamika."

Nilirudi nyumbani shingo imenyooka kama ya bata. Niliwaambia majirani wote. Mungu wangu.

Kulikuwa na muke mumoja wa Kilwa, kile kisiwa cha ziwa letu, si Kilwa ya pwani, ambacho hufiki bila boti. Jina lake Mama Feza. Alikuwa anakausha samaki kwa moshi na kuwauzia wachuuzi wa Mununga. Masikio yake yalitoka usaha tangu utoto mupaka yakafa karibu yote, ukitaka akusikie unamupigia kelele kama mutu aliye ng'ambo. Siku ya kwanza alipoketi kwetu nilimuuliza anataka kusikia nini. Wengine wanasema wajukuu, wengine wanasema injini ya boti. Yeye akasema:

"Balinitoa mu kwaya. Banasema niko naimba wimbo wa jana."

Chumba chote kikacheka, na yeye akacheka kwa kuona tunacheka. Lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa ameimba kwaya ile tangu akiwa musichana. Alitaka kurudi ku mustari wake wa mbele, hakutaka kitu kingine.

Tukamupa apareye. Mukubwa akauliza kwa urefu wake, mimi nikauliza kwa ufupi wangu. Mama Feza akapiga magoti, akapiga makofi. "Ni sawa, natotela." Akapanda boti.

Alirudi wakati mahindi mabichi yalikuwa yanachomwa kila pembe ya barabara. Amebeba kuku wa kutushukuru, kichwa amekifunga kitambaa mupaka chini ya kidevu. Kabla hajakaa, harufu ilishafika. Nilijidanganya kwamba ni samaki. Nikamufungua kitambaa.

Nimeona vita, nimeona watu wametolewa majini, lakini siku ile mop ilinianguka mukononi. Moldi haikuonekana. Nyama ya sikio ilikuwa imevimba na kupanda juu yake, kama bukari inavyofurika ku sufuria, na kampira kanachungulia katikati. Alikuwa ameivaa vile, kila siku, tangu siku tuliyomupa. Mukubwa alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

Nikamupigia kelele ku sikio lingine: "Mama Feza! Kwa nini haukusema?"

"Niseme nini?" Alikuwa anatabasamu, fikirini, anatabasamu na lile sikio. "Mulinipa bure kitu ya bei. Mutu anakupa, na weye unamwambia inaniuma? Mama yangu hakunizaa vile. Na weye mwenyewe uliniuliza tu 'Ni sawa?' Na macho yako yalikuwa kwa ule wa nyuma yangu."

Nilimugeukia mukubwa, na kwa mara ya kwanza nilipeleka neno lote vile lilivyo.

"Mukubwa, maswali yako sikuyapeleka. Nilikuwa nakula nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu ya kuuma."

Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua daftari. Sawa, Sawa, Sawa. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine.

"Basi hawa wote..."

"Wote, mukubwa."

Akaketi juu ya ndoo yangu ya maji, nafikiri hakuona kama si kiti.

Tulimutoa Mama Feza moldi kwa mafuta na uvumilivu, na kidonda kilichukua majuma kupona. Kisiwa ni mbali, kwa hiyo alikaa nyumbani kwangu. Nilimupikia mimi. Ilikuwa deni langu, na halikuwa la pesa. Kidonda kilipofunga, mukubwa akakwangua moldi pale palipoonekana wazi kwamba panagusa, akairudisha, akauliza, na mimi nikapeleka maneno yote, juu, chini, ndani, shingo, mupaka mate yakaniisha. Mama Feza akafikiri vizuri. "Haiumi." Ilikuwa kweli, nilimuangalia usoni. Tulifurahi kama watu waliozaa.

Mchana uleule tulikula bukari na sombe, majani ya muhogo. Mama Feza akatia tonge, akatafuna. Apareye ikalia: fiiii. Jicho lake moja likafunga. Akameza, ikanyamaza. Akatafuna tena: fiiii, na jicho. Mukono wake ukapanda kufunika sikio, na mara akanitabasamia, ile tabasamu yake ya kuua. Tonge langu likabaki hewani. Niliona taya. Taya linasukuma sikio! Mutu akikaa kimya mbele ya mukubwa moldi ni nzuri, na akienda kula nyumbani moldi ni kisu.

Kesho yake nikamwambia mukubwa. Alicheka mupaka soksi zikashuka.

"Leo mama wa mop ananifundisha?"

"Weka kidole ndani ya sikio lako, mukubwa. Halafu tafuna."

Aliweka kidole ili anidharau vizuri. Akatafuna hewa. Kicheko kikakatika.

"Eh! Inatembea!"

Na wewe unayenisikiliza, usiniamini. Weka kidole chako cha shahada ndani ya sikio, tafuna polepole, utasikia ukuta unakufuata. Kwa wengine unatembea kidogo, kwa wengine kama mulango. Ule ukuta ndio kazi yangu ya maisha.

Siku ile nilitoa karanga mufukoni, za njiani, nikampa Mama Feza. Ametafuna, jicho limefunga. Mukubwa akapaka nukta ya rangi ya midomo pale ndani palipokuwa pekundu, akaingiza moldi, akaitoa, na rangi ikawa imehamia ku plastiki na kuonyesha mahali. Akakwangua hapo kwa tupa ndogo, kidogo sana, maana plastiki uliyoitoa hairudi, ukizidisha unafungulia filimbi njia. Akalainisha kwa musasa na maji. Karanga. Jicho. Tupa. Karanga. Mara ya nne Mama Feza alitafuna, akasimama ghafula, akaangalia nyuma yake, akaangalia chini ya meza.

"Nani anavunja kuni mu nyumba?"

"Ni weye, mama. Ni meno yako."

Alishika mashavu yake mawili. Akaomba karanga nyingine. Alizimaliza zote, moja moja, anajisikiliza, machozi yanateremka mupaka kidevuni.

Kutoka Kilwa alituma habari kwamba kwaya imemupokea, ila sasa wanamuambia apunguze sauti.

Tangu hapo kopo la karanga lilikaa juu ya meza yetu, karibu na taa. Matroni, mukubwa wa manesi wote, aliingia siku moja akaona maganda. "Hiki ni chumba cha dawa ao ni soko?" Mukubwa hakusimama hata. "Matroni, kaa. Tafuna." Alikaa. Alitafuna. Alitoka, na juma lililofuata akaniletea sinia la kuwekea maganda. Mukubwa akanifundisha tupa, akanifundisha kukata kampira kwa urefu wake, akanifundisha kuangalia kitambaa cha kichwa na nywele za kusuka, maana vitu hivyo vikikaa juu ya apareye nayo inalia. Nilisuka watu nywele tangu utoto, vichwa navijua. Nikawa mutu wa kwenda: Mununga kwa gari la chanjo, vijiji vya Mofwe kwa baiskeli, Kilwa kwa boti, kopo langu ndani ya kikapu. Miaka ikapita vile.

Mukubwa wa Masikio akahamishwa. Tulilia. Akaja Mukubwa wa Pili, kijana, viatu safi, mupenda picha. Naye akaleta wageni, wafadhili wa kutoka nje, na masanduku ya apareye zisizo na moldi. Mbele zina vifuniko vya mupira laini, saizi tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Vifuniko vile si vibaya, kuna masikio yanayovipenda. Lakini masikio ya kisiwa kizima kwa siku moja, kama kandambili za sokoni! Tulishuka Kilwa asubuhi. Watu walijipanga kutoka majini mupaka kanisani, wamevaa nguo za sikukuu.

Mukubwa wa Pili akanivuta kando. "Mama, leo hakuna karanga. Boti inarudi saa tisa. Wewe uliza tu, 'Ni sawa?' Wakisema ndiyo, weka kidole gumba chao ku karatasi."

Nilisikia baridi, na jua lilikuwa kali. Maneno yake yalikuwa maneno yangu. Hakuongeza wala kupunguza moja. Mutu ambaye hajawahi kuniona nikikosa ananirudishia kosa langu lilelile, mbele ya watu, kama zawadi.

"Sisemi ni sawa mupaka mutu atafune."

Aliwaangalia wageni, akasema kitu kwa Kiingereza, wakacheka kidogo. Halafu akashusha sauti. "Mama, unanitia haya."

"Haya ni yako, mukubwa. Sikio ni lao."

"Unajua naweza kukurudisha ku mop?"

"Mop tunajuana."

Alimuita mwenye duka wa pale awe mudomo wake. Mimi nikakaa ku ukingo wa boti na kopo langu mapajani, na nyuma yangu nikawa nasikia: Ni sawa? Natotela. Ni sawa? Natotela. Kama mvua ku mabati. Mupaka saa tisa.

Msimu wote wa mvua nilipiga mop ku wodi za wanaume. Chumba cha masikio sikuruhusiwa hata kukifagia. Sitadanganya, iliniuma. Majirani waliosikia majivuno yangu ya zamani waliniuliza: "Dokta, leo umetibu sakafu ngapi?"

Halafu, mvua zilipokuwa zinamalizika, nikamuona Mama Feza anakata kiwanja cha hospitali, kikapu cha samaki kichwani, hasalimii mutu. Nikamufuata na mop yangu. Aliingia moja kwa moja ku chumba cha masikio, akapindua kikapu juu ya meza ya Mukubwa wa Pili.

Hawakuwa samaki. Apareye zilimwagika mezani, zikaanguka sakafuni, moja ikaenda mupaka mguuni kwangu. Nyingine zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa cha sikukuu, kama dhahabu. Nyingine zilikuwa na damu kavu. Mojawapo ilikuwa na kamba ya nyavu, mutoto alikuwa ameifanya uzito wa kuvulia. Mama Feza alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, kisiwa kizima, anaziomba.

"Hizi zote ndiyo ile sawa yako," akamwambia. "Batu banaziheshimu sana. Banazificha juu ya dari ili zisiwaume."

Mukubwa wa Pili aliinua moja, akaigeuza, akaona damu. Alikuwa kijana, nimeshawaambia. Uso wake ulibadilika mupaka nikamuonea huruma, maana uso ule niliuvaa mimi kabla yake. Aliinama akaokota ile iliyokuwa mguuni kwangu. Kisha akauliza bila kuniangalia:

"Mama, kopo lako liko wapi?"

Tulirudi Kilwa mara tatu, mimi na yeye, tukakaa chini ya paa la kanisa, mutu kwa mutu, karanga kwa karanga. Kwa wengine vifuniko vilitosha baada ya kubadilisha saizi. Kwa wengine tulipiga dongo la moldi. Viatu vyake havikuwa safi tena, na picha hakupiga hata moja.

Leo nimestaafu. Walinipa kitenge na karatasi yenye muhuri, na mjukuu wangu Furaha alinisomea kilichoandikwa. Furaha! Sasa niacheni nijivune, nimefanya kazi ya kutosha. Mutoto wa mutoto wangu alisomea masikio mujini, akarudi na koti jeupe, anakaa ku meza ileile. Anafunga apareye ku kompyuta kwa waya, anapandisha sauti nyembamba za watoto, anashusha kelele za sufuria, hapo hapo mutu amekaa. Kopo langu amelitunza. Liko juu ya meza. Anawekea kalamu.

Na masikio yangu yamechoka. Maharagwe yalichemka mupaka yakaungua nyuma yangu, nikajua kwa harufu. Furaha akanipiga dongo, moldi ikaja, nikaenda siku ya kuivaa. Wanafunzi wawili wa unesi walikuwa wamesimama pembeni, wanaandika kila kitu anachofanya. Alifanya vizuri sana. Alizungusha moldi kama ufunguo, hakusukuma. Akawasha. Nikasikia koti lake linasugua kiti, nikasikia ananiita nkambo, yaani bibi.

"Nkambo, inakubana? Inakuchoma? Juu? Chini? Ndani kabisa? Geuza shingo."

Maswali yote, hakula hata nusu. Na chini, ndani, ilikuwa inanichoma kama punje ya muhindi ndani ya kiatu.

Nikaona mikono yangu inakutana. Nikaiona inapiga makofi. Nikasikia sauti ya mama muzee inasema, "Ni sawa, natotela," na ilikuwa yangu.

Nilisimama na kutembea mupaka mulangoni, nimeshituka na mudomo wangu mwenyewe. Mimi! Miaka yote ile nilifikiri Mama Feza alinyamaza kwa woga, ao kwa adabu ya kisiwani. Hapana. Yule mutoto alikuwa anang'aa mbele ya wanafunzi wake, na mimi sikutaka kumutia doa. Basi.

Mukono ulikuwa umeshafika ku kitasa. Na kwa sababu apareye ilikuwa inafanya kazi yake, nilisikia nyuma yangu kitu ambacho sikukisikia tangu zamani: kalamu inakwaruza karatasi. Furaha alikuwa anaandika. Neno lake nililijua bila kulisoma.

Nikarudi. Nikakaa. Nikachukua kopo, nikamwaga kalamu zote mezani.

"Nkambo! Unafanya nini? Umesema ni sawa!"

"Mudomo umesema. Futa."

"Nkambo, banafunzi banaangalia..."

"Baangalie vizuri. Na mumoja akimbie sokoni aniletee karanga."

"Lakini nkambo, kama inauma si uniambie tu, nitai..."

"Sisemi ni sawa mupaka mutu atafune."